Nilimlindia Mwizi Kompyuta kwa Dakika Arobaini

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na kabla hujaanza kucheka ujue kwamba mimi si mtu wa kuchezewa, nimefanya kazi miaka thelathini na moja katika ofisi ya kuthibitisha saini hapa mjini Juiz de Fora, mikononi mwangu zimepita hati za nyumba, za ndoa, za talaka na za marehemu, na hata siku moja sikupitisha saini ya kughushi, kwa hiyo unapoisoma barua hii usidhani unaisoma barua ya mjinga.

Tangu nistaafu mimi ndiye mwenyekiti wa jengo letu, jengo la ghorofa nane lenye lifti iliyokufa kabla ya Kanivali ya mwaka jana, na kwa muda wa mwaka mzima nimekusanya fedha za lifti mpya nyumba kwa nyumba, mwezi kwa mwezi, nikagombana na watu ambao zamani tulikuwa tunakunywa kahawa pamoja, mpaka zikatimia. Jumatatu ya wiki iliyopita, wakati nasubiri hati ya malipo kutoka kampuni ya lifti, ikaja, kwenye kompyuta ya jengo, barua pepe yenye hati ya malipo, na mshauri, ilikuwa barua nzuri, ngao ya taifa juu, muhuri chini, na namba ya usajili yenye tarakimu kumi na saba, nilizihesabu, nikasema moyoni hawa watu wanajua kazi. Nikabofya kiambatisho hakikufunguka, nikabofya tena, nikabofya mara ya tatu, kimya, nikaona labda kimeharibika njiani, basi nikaichapisha barua yenyewe nikaitia kwenye faili.

Alhamisi asubuhi nikakaa tena kwenye kompyuta hiyo, ile iliyo katika chumba kidogo nyuma ya meza ya bawabu, nikafungua ukurasa wa benki kuangalia akaunti, nikaandika nenosiri, na papo hapo kioo chote kikafunikwa na picha ya benki, rangi ileile, nembo ileile, imeandikwa kwamba mfumo wa usalama unasasishwa, tafadhali usizime kompyuta, tafadhali usiguse kipanya, chini yake mstari wa kijani unajaa polepole. Mimi sikushangaa, kwa sababu benki hizi tangu miaka mingi zinatulazimisha kuweka vitu vyao vya usalama ndiyo tuingie, leo sasisha hiki, kesho sasisha kile, na mtu akikataa haoni hata salio lake. Baada ya muda ikasema hatua ya kwanza, andika namba uliyotumiwa kwenye simu, nikaandika, hatua ya pili nikaandika, hatua ya tatu nikaandika, na katikati ya hatua hizo nilikwenda nyumbani kunywa kahawa, lakini sikuiacha hivihivi kompyuta, hapana, nilichukua karatasi nikaandika kwa herufi kubwa KOMPYUTA INASASISHWA, USIGUSE, KWA AMRI YA MWENYEKITI, nikatia tarehe na saa na saini kama nilivyozoea, nikaibandika kwa gundi juu ya kioo.

Sasa hapa ndipo penye kidonda. Bawabu wetu Valdeci, ambaye yuko nasi miaka kumi na moja na anakaa na mkewe na binti yake katika chumba cha chini cha jengo, alinikuta nimerudi na kikombe changu, akaniambia, "Mzee Aristeu, njoo uone, hapa pembeni." Nikamwambia aache kuegemea meza. Akasema, "Mzee, ile picha haijatosha kioo, hapa kando kuna ufito umebaki, na kishale kinapita chenyewe. Kipanya hakuna aliyekishika." Nikamwambia mambo ya sasisho hayajui. Akasema, "Sasisho gani linaandika kwenye ukurasa wa malipo? Nichomoe waya, mzee? Nichomoe tu, tutauchomeka baadaye." Ndipo nikamfokea, nakiri nilimfokea, nikamwambia akigusa waya ule akatafute kazi kwingine, karatasi yenye saini yangu haioni, au hajui kusoma? Akarudi mlangoni kwake. Baada ya dakika arobaini tangu ianze, kompyuta ikamaliza hatua ya tatu, ikaniandikia asante kwa uvumilivu wako. Nilipofungua akaunti lifti nzima ilikuwa imeondoka kwa Pix, yaani malipo ya papo hapo ya benki, mara tatu, kwa watu watatu nisiowajua, na ikabaki fedha ya kununulia balbu za ngazini.

Jioni ile Bi Jurema wa ghorofa ya nane, mwenye magoti mabovu, ambaye ndiye mkaguzi wetu, alishuka ngazi zote zile hatua kwa hatua akaniuliza mbele ya watu, "Aristeu, kompyuta hii nani mwingine huigusa?" Nami, mshauri, sikusema uongo, nilisema, "Valdeci huangaliaga mpira hapo Jumapili," jambo ambalo ni kweli tupu, na watu wakatazamana, na mimi nikanyamaza. Nilinyamaza tu. Kutoka hapo maneno yakajiendea yenyewe, na Alhamisi hii kuna mkutano wa wakazi wa kumfukuza Valdeci kwa kosa kubwa, maana yake aondoke bila mafao na chumba akirudishe. Benki sijaiarifu, ingawa wakazi nimewaambia inachunguza, kwa sababu najua wataniuliza nani aliandika zile namba. Kila asubuhi naingia kwenye akaunti kwa kompyuta ileile kuona kama fedha zimerudi. Mke wangu Ivonete anasema, "Ungekuwa bado ofisini ungejigongea muhuri wa uongo kwenye paji la uso," na tangu Ijumaa haniokei mikate ya jibini.

Nikikiri, mimi niliyekuwa nathibitisha saini za mji mzima nitaonekana nani? Nisipokiri, je, kuna njia ya kumtafutia huyu kijana kazi nyingine kimyakimya, na kuisafisha kompyuta bila mtu kujua? Hapa chini nimeweka jina kamili, namba ya kitambulisho, anwani na simu yangu kwa uthibitisho, ila usivichapishe.

Wako katika majuto,
Mwenyekiti

JIBU

Mwenyekiti, barua yako nimeipata mara mbili.

Ya kwanza ndiyo hiyo hapo juu. Ya pili ilifika dakika kumi na moja baadaye, kutoka anwani yako hiyohiyo, ikiwa na maneno machache, "Hati ya malipo, tafadhali thibitisha," na kiambatisho. Ngao ya taifa ilikuwepo, na muhuri. Tarakimu za usajili sikuzihesabu, sina uvumilivu wako. Nilimpelekea fundi wetu wa gazetini, akaipasua kwa uangalifu kama mtu anayepasua samaki mwenye sumu, akanirudia akisema, "Mama, huyu bwana anaugua, na anaambukiza."

Umeniomba nisichapishe jina lako. Nimelibadilisha, pamoja na majina ya wote wa jengo lenu, na nimefuta kitambulisho na anwani ambavyo hakuna mtu aliyekuomba. Kazi bure! Kompyuta yako inaandika barua kwa jina lako halisi kwa kila mtu uliyewahi kumwandikia, na nadhani wakazi wenzako wamo. Nilikupigia simu siku hiyohiyo, mara nne. Ivonete akapokea mara ya tano, akaniambia hupokei namba usizozijua. Ajabu ya Mungu: simu usiyoijua unaiogopa, barua usiyoijua unaibofya mara tatu. Kwa barua pepe sikuthubutu kukujibu, maana wangeisoma kwanza wenye kompyuta.

Nilimpa mkeo maagizo, akayaandika, akaniambia umeyakunja ukayatia mfukoni. Basi nayarudia hapa mbele ya mji mzima, kwa sababu si wewe peke yako, na wengi wanaokucheka sasa hivi mezani kwao wana ugonjwa huohuo na hawajui.

Kwanza ujue kilichokupata. Watu wa kazi hii wanakiita trojani, na hakivunji mlango. Kinabisha hodi kikiwa kimevaa suti, na wewe ndiwe unayekivutia kiti. Ulipobofya "kikawa kimya" hakikuharibika njiani, kilikuwa kinahamia. Kimya ndiyo kazi yake. Kikakaa siku tatu bila kugusa picha zako wala barua zako, kinaangalia tu ni ukurasa gani unaofunguliwa, na siku ulipofungua wa benki kikaamka kumwita bosi wake. Bosi ni mtu, Mwenyekiti, mtu mwenye mikono, yuko mahali ana kahawa yake kama wewe. Kile kioo cha "mfumo unasasishwa" ni pazia. Mbele ya pazia wewe unatazama mstari wa kijani, nyuma yake yeye yuko ndani ya akaunti uliyomfungulia, anaandika malipo. Kitu kimoja tu hana, ile namba inayokuja kwenye simu yako. Basi anakuomba, nawe unampa. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu: malipo matatu. Mwizi wa zamani alilazimika kuwa na kisu. Huyu alikuwa na adabu, alikushukuru.

Nitakuhurumia mahali pamoja, halafu nisiombwe tena. Utii huo hukuzaliwa nao. Benki zilikufundisha. Miaka ishirini zimetuambia weka hiki, kubali kile, usiulize, mfumo unajisasisha, subiri. Zimelea taifa zima la watu wanaokunja mikono wakiambiwa "usiguse," halafu mwizi anapotumia sentensi ileile benki zinatuuliza kwa nini hatukushtuka. Tungeshtukaje? Nimeyaandika haya mara nyingi katika ukurasa huu na mabwana wa benki wananijibu kwa barua nzuri zenye nembo. Na sisi nasi, nchi inayobusu mihuri! Mpe Mbrazili karatasi yenye ngao na namba ndefu, ataisaini kwanza kisha aulize ni ya nini. Wewe ulilipwa mshahara miaka thelathini na moja uangalie saini moja moja, na ulipoletewa ya uongo ukaisifu kwa urefu wake.

Huruma imeisha.

Ukiisha kusoma mstari huu, inuka uchomoe waya wa intaneti kwenye ile kompyuta. Waya uleule. Usiingie tena kwenye akaunti kwa mashine hiyo "kuona kama zimerudi." Fedha hazirudi kwa kuchunguliwa, na kila asubuhi unayochungulia unampa mwizi nenosiri lako upya kabla ya kifungua kinywa.

Kisha chukua simu ya Ivonete, siyo yako, upige benki kwa namba iliyo nyuma ya kadi. Usitumie namba iliyokuja kwa barua, wala ya mtu atakayekupigia kusema yeye ni wa idara ya usalama na anaweza kukurudishia fedha kwa ada ndogo tu. Atapiga, huyo, ni ndugu yake yule wa kwanza. Waambie benki wafunge akaunti, waombe kwa jina lake utaratibu maalumu wa kurejesha fedha za Pix zilizoibwa, na uandike namba ya ombi. Benki yenu itaitaka benki ya mpokeaji izuie kilichobaki. Kilichobaki, nasema, kwa sababu fedha hizo hukimbia kutoka akaunti hadi akaunti kama mpira wa vijana wa mtaani, na kila saa uliyokaa ukiogopa swali la "nani aliandika namba" mtu alikuwa anaupiga mbele zaidi. Ungepiga Alhamisi ileile huenda mngepata kitu cha maana. Sasa huenda mkapata mlango wa lifti bila lifti. Lakini piga! Na polisi waandikishie taarifa leo, bila hiyo benki itakuzungusha.

Manenosiri yabadilishe yote, ukianzia la barua pepe, kwa kifaa ambacho hakijaugua. Ukiyabadilisha kwenye ile mashine ni sawa na kubadilisha kufuli mwizi akiwa amekushikia taa. Ile barua yenye muhuri usiifute, wala ile uliyoichapisha ukaitia faili. Kwa mara ya kwanza ushamba wako wa mafaili una faida: ni ushahidi, una jina lako juu yake kama mpokeaji, na siku iliyofika. Wapelekee polisi na benki. Baada ya hapo fundi aifute diski yote aanze upya. Usikubali akuambie ameondoa faili moja na mambo yamekwisha, maana mgeni wa namna hii hulala vyumba vitatu. Na wote uliowahi kuwaandikia waambie, kwa sauti yako, wasifungue kitu chochote kutoka kwako. Ndiyo, wote. Mficha uchi hazai, Mwenyekiti, na hapa wako umeshatumwa kwa barua pepe.

Hiyo ndiyo kompyuta. Sasa Valdeci.

Unasema hukusema uongo. Hebu tuithibitishe hiyo saini. Uliulizwa nani huigusa kompyuta, ukajibu kuhusu mpira wa Jumapili. Wizi ulikuwa Alhamisi. Ulichukua ukweli wa siku moja ukaugonga muhuri wa siku nyingine, na katika ofisi yako mtu akifanya hivyo anaitwa mghushi. Kisha ukanyamaza. Trojani nalo lilinyamaza, siku tatu tu. Wewe unaenda ya saba. Unaniomba nikutafutie namna ya kumpatia "huyu kijana" kazi nyingine kimyakimya. Huyu kijana ana miaka kumi na moja mlangoni kwenu, ana binti anayelala chini ya miguu yenu, na kati ya watu wote waliokuwa kwenye jengo lile asubuhi ile, wewe na saini zako, mkaguzi na magoti yake, benki na mifumo yake yote ya usalama, yeye peke yake ndiye aliyemwona mwizi akifanya kazi. Aliona ufito mmoja pembeni mwa pazia akaelewa. Akakuuliza kwa heshima, mara mbili, achomoe waya. Ulimwambia akigusa akatafute kazi kwingine. Hakugusa. Na bado mnamtafutia kazi kwingine. Nimekuwa nikiandika safu hii miaka kumi na tisa, nimesoma barua za wazinzi, wadhulumaji wa mirathi na wanaume wawili waliouza ng'ombe mmoja, na sijakutana na jambo lililonichoma hivi.

Unauliza utaonekana nani ukikiri. Utaonekana mzee aliyetapeliwa, na jengo lenu lina watu wengi wa namna hiyo, ni vile tu hawajaulizwa. Usipokiri utaonekana nani na Ivonete kila asubuhi? Yeye anajua. Valdeci anajua. Mimi najua, na sasa wanajua watu elfu kadhaa wanaonunua gazeti hili. Aliyebaki gizani ni Bi Jurema, na huyo atapanda ngazi za ghorofa nane kwa mwaka mwingine akimlaani mtu asiye na kosa katika kila hatua.

Mkutano ni kesho. Usingoje ajenda, usingoje "mengineyo." Mwenyekiti ndiye anayefungua kikao, basi fungua. Usilete hotuba, nakujua, utaanza na miaka thelathini na moja. Usiseme "kulitokea hitilafu." Nenda sasa hivi kwenye kile chumba nyuma ya meza ya bawabu, na kama hujaibandua ile karatasi yako, ibandue taratibu isichanike. USIGUSE, KWA AMRI YA MWENYEKITI. Ina tarehe ya siku ya wizi. Ina saa ya wizi. Ina mwandiko wako na saini yako, ambayo mji mzima unaijua kuliko ya meya. Iweke kando ya taarifa ya benki yenye saa za yale malipo matatu, hata mtoto ataona nani alikuwa ameishika kompyuta na nani alikatazwa kuigusa. Katika maisha yako yote ya kazi hujawahi kuandaa hati iliyothibitishwa vizuri kama hiyo, na inamsafisha mtu mmoja tu.

Isome kwa sauti mbele ya Bi Jurema. Kisha kaa. Valdeci akinyanyua mkono kutaka kusema, mpe nafasi. Mara ya mwisho aliposema, ungemsikiliza, lifti ingekuwa inapanda.